Waliomuuza walipotea mapema, walionunua ndio muvi yenyewe: jibu kuhusu Blind Mountain

Swali la msomaji:

"Mwalimu shikamoo. Wikiendi nimeangalia muvi moja ya Kichina inaitwa Blind Mountain, niliangalia na mdogo wangu wa kike, tumebaki na hasira tu. Dada wa watu kasoma chuo, kadanganywa kazi, kauzwa kijijini kwa mtu mzima, halafu kijiji kizima kinamlinda aliyenunua, wamama, mtu wa posta, hadi polisi wanazingirwa. Hivi inawezekana kweli watu wote wakawa hivyo? Rafiki yangu anasema ni propaganda ya Wazungu kuichafua China. Mwingine anasema ni ile sera ya mtoto mmoja, wanawake wakaisha. Mzee nyumbani kasikia stori akasema hiyo si mahari tu, wamezidisha. Na mwisho wake siuelewi, kuna jamaa anasema yeye aliona nyingine polisi wanamwokoa, ipi ya kweli? Halafu mdogo wangu halali vizuri tangu siku ile, kuna mama mtaani kamuahidi kazi Oman mwezi ujao."

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuandika kirefu hivi. Naanza na huyo mdogo wako, maana muvi inaweza kusubiri ila mwezi ujao hausubiri.

Hofu yake ina maana na usimcheke. Bai Xuemei, yule dada wa kwenye muvi, hakukamatwa kwa nguvu, alikwenda kwa miguu yake, anacheka, amefuatana na mwanamke mwenzie anayemwamini, anajua wanaenda kununua dawa za mitishamba milimani na atarudi na hela. Kanywa maji, kalala, kaamka kitambulisho hakuna, hela hakuna na wenzake hawapo. Sasa mimi huyo mama wa mtaani kwenu simjui na sisemi ni mtu mbaya, wapo dada zetu wengi wamefanya kazi Oman wakasomesha watoto na kujenga. Lakini kazi ya kweli ina makaratasi unayoweza kuyashika kabla ya safari. Wakala gani anampeleka na ana leseni? Mwajiri anaitwa nani, yuko mji gani? Mkataba uko kwa lugha anayoielewa, kausoma mwenyewe? Viza ni ya kazi au ya matembezi? Pasipoti atashika nani akifika? Msiulize kwenye simu wala kwenye grupu la wasap. Kama mko Tanzania bara nendeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, mkiwa na jina la hiyo ajensi mkononi, Zanzibar ni Kamisheni ya Kazi, na kama mko Kenya ni NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, wenye orodha ya ajensi zilizosajiliwa. Mwambieni na huyo mama aongozane nanyi, akianza kuzungusha maneno mmeshapata jibu lenu. Na kama kuna mtu ameshachukua pasipoti yake au anamtisha, hapo si ofisi ya ajira tena, ni dawati la jinsia kituo cha polisi siku hiyohiyo, Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008 na Kenya tangu 2010. Kuhusu usingizi, mpe wiki mbili hivi, asipotulia mpeleke hospitali aongee na mshauri ana kwa ana, na muulize taratibu kama kuna kitu kingine hicho kisa kimemkumbusha, wakati mwingine mtu analilia lake ndani ya stori ya mwenzie.

Haya, tuje kwenye muvi.

Kwanza tuimalize hii ya propaganda. Li Yang, aliyeitengeneza, ni mtu wa Xi'an, mji mkuu wa jimbo la Shaanxi, na milima unayoiona pale ni ya Shaanxi hukohuko, yaani mtu anasimulia habari za nyumbani kwao. Ni kweli alisoma Ujerumani na kuishi huko miaka mingi, na ni kweli muvi yake ya kwanza, Blind Shaft ya 2003, ile ya matapeli wawili wanaoua wenzao ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ili walipwe fidia, ilishinda tuzo Berlin huku kwao ikipigwa marufuku kwa sababu hakuipeleka kwa wakaguzi wa filamu. Lakini hii ya pili, ya 2007, aliipeleka. Wakaguzi wa serikali waliikata sehemu kama 20 na ikapita, ndo maana kuna hiyo miisho miwili inayowachanganya, nitarudi huko. Sasa propaganda ya Wazungu inayopigwa muhuri Beijing hiyo itakuwa propaganda ya ajabu sana. Wachina wenyewe wana hii mada mdomoni siku zote, magazeti yao yameandika, sheria zao zimeandikwa na kurekebishwa kwa ajili yake. Anayedhani kulisema tatizo la nchi ni kuichafua nchi, nadhani yeye ndo haijui vizuri hiyo nchi.

Naelewa pia kwa nini mmeshtuka. Wengi wetu China ya kwenye skrini tuliifahamu kwenye tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake iliyorushwa TBC 2011, fleti safi za mjini, mkwe na mkamwana wanagombana jikoni halafu wanapatana. Ukitoka kwa Doudou ukaja moja kwa moja kwa mama mkwe anayemshika binti wa watu miguu ili mwanawe ambake, lazima ulale macho wazi.

Hii ya mtoto mmoja sasa. Hapa rafiki yako kakosea kwa namna ambayo hata watu wa vyuoni wanakosea, naomba uvumilie hesabu kidogo. Muvi imewekwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huang Degui, mnunuzi, ni mtu wa kama miaka arobaini. Toa arobaini, unapata mtu aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sera ya mtoto mmoja imeanza kati ya 1979 na 1980! Degui alikuwa na karibu miaka thelathini tayari, na wasichana wa rika lake walizaliwa kama kawaida. Kwa hiyo sera haiwezi kuwa ndiyo iliyomkosesha mke.

Kilichomkosesha ni mlima. Mwanamke akiolewa anahama, na akihama anahama kwenda panapomzidi kwao, kutoka juu mlimani kwenda bondeni, kutoka bondeni kwenda karibu na barabara, kutoka barabarani kwenda mjini. Mwanaume anabaki kwenye shamba la baba yake. Zamani, tangu 1958, kulikuwa na mfumo wa hukou, uandikishaji wa kaya uliomfunga kila mtu alipozaliwa, mwanakijiji hakuweza kuamka tu akahamia mjini, basi wasichana wa mlimani walikuwepo wa kutosha maana hawakuwa na pa kwenda mbali. Miaka ya 1980 vifungo vikalegea, viwanda vya kusini kule Guangdong vikaanza kuita wasichana wa mikono myepesi, wasichana wakashuka. Walioachwa juu ni akina Degui, maskini, umri umeenda, shule hawana. Unaona basi kwamba soko la kununua wake limezaliwa na kitu ambacho sote tunakisifia, yaani uhuru wa kutembea na uchumi kufunguka. Barabara ileile iliyowashusha mabinti wa mlimani ndo iliyompandisha Bai Xuemei.

Sasa simaanishi kwamba sera haihusiki kabisa. Inahusika ila kwa kizazi kilichofuata. Kuna ile sehemu ya bwawa, kichanga cha kike kinakutwa majini, ni muda mfupi tu na watu wanaendelea na mambo yao, nadhani mliiona mkaogopa kuiuliza. Familia ikiruhusiwa watoto wachache na inamtaka wa kiume wa kurithi shamba na kulea wazazi, wa kike ndo wanaopotea, mwanzo kwa njia kama hiyo, baadaye kimyakimya kwenye chumba cha altrasaundi. Sensa ya 1982 watoto wa kiume waliozaliwa walikuwa kama 108 kwa wa kike 100, ambayo ni juu kidogo ya kawaida. Sensa ya 2000 wamefika kama 117, ya 2010 kama 118, na hata ya 2020, miaka michache baada ya sera kufutwa, bado 111. Wakubwa kati ya hao ndo wanaume wanaotafuta wake leo. Li Yang anatengeneza muvi 2007 akiwa ameshaona hiyo hesabu inakuja, akaiweka stori nyuma miaka kumi na tano, akamdumbukiza yule mtoto bwawani kama kusema hapa ndipo mnapopanda mbegu. Kuirudisha nyuma pia kunasaidia kwa wakaguzi, ya zamani hayo, tumeshayatatua, ingawa hilo ni wazo langu tu.

Baba yako na mahari. Mwambie shikamoo yangu, na umwambie swali lake ndo zuri kuliko yote, maana hata Degui angesema hivyohivyo. Wao nao wana mahari, wanaiita caili, na ni ghali, mwanaume analipa hela, anajenga nyumba, anafanya sherehe, na mtu maskini hawezi. Familia ya Degui ilitoa yuan 7,000 kwa Bai Xuemei. Kusikia elfu saba unaona ndogo. Mwaka 1992 mwanakijiji wa China kwa wastani alipata kama yuan 784 kwa mwaka mzima, na huo ni wastani wa nchi nzima, mlimani ni chini ya hapo. Yaani ni zaidi ya miaka nane ya jasho la mtu mmoja bila kula. Ni akiba ya wazee wawili, ni madeni, ni ndugu waliochangia. Tofauti na mahari haiko kwenye kiasi, iko kwenye hela imekwenda kwa nani. Mahari inakwenda kwa wazazi wa binti, na hela ikishapokelewa kule kunakuwa na watu, baba, mjomba, shangazi, wanajua binti yao yuko nyumba gani, akipigwa anarudi kwao, wanakuja kuuliza. Hata mahari yenye matatizo yake yote inaacha mlango mmoja wa nyuma. Hela ya Degui ilikwenda kwa matapeli wakaondoka. Nyuma ya Bai Xuemei hakuna mtu, baba yake hajui aanzie wapi kumtafuta. Amenunuliwa bila ukoo, na hicho hasa ndicho kilichouzwa.

Ukiishika hiyo hela vizuri, swali lako kubwa la kijiji kizima linaanza kufunguka. Jamaa wanaomuuza wanapotea mapema kabisa mwanzoni na hatuwaoni tena, na muvi ya kawaida ya uhalifu ingewafukuza hao hadi mwisho, polisi hodari, pingu, muziki. Hii haina habari nao. Inabaki na wanunuzi kwa sababu uhalifu wenyewe unafanyika kwa wanunuzi, kila siku, mchana, huku watu wanakula wali.

Angalia majina. Degui, na yule binamu yake mwalimu wa shule ni Decheng. Wote Huang, hilo ni jina la ukoo, wote De, hilo De ni jina la rika ndani ya ukoo, kila kizazi kina lake. Kijiji cha namna hiyo majirani ni ndugu. Ukimsaidia binti kutoroka hujamsaidia mgeni dhidi ya mhalifu, umeiba miaka minane ya jasho la baba yako mdogo, na kesho utahitaji ng'ombe wake kulima, utahitaji mkopo wake mwanao akiugua. Benki hakuna, bima hakuna, pensheni ya mzee wa kijijini wakati ule hakuna, mtu pekee wa kukulea uzeeni ni mwanao wa kiume na mke wake. Kwa hiyo yule mama mkwe anayeshika miguu, na sijaribu hata kidogo kumtetea, anachokiona pale ni uzee wake mwenyewe. Mtu wa posta anapokea barua za binti anampelekea Degui, hajapigwa, hajatishwa, ndo ustaarabu wa pale, barua ya mke wa mtu unampa mwenyewe mke. Kwenye basi abiria wanamwona anavutwa, anapiga kelele, wanaambiwa ni ugomvi wa mke na mume, basi wanageukia dirishani. Hapo sidhani tunahitaji kwenda China kujifunza, neno "mambo ya ndani" limezika wangapi kwetu.

Wale wanawake wengine walionunuliwa kabla yake ndo wanaoniuma zaidi. Nao walilia, nao walijaribu, sasa wana watoto. Wanamwambia zoea tu, ukizaa utatulia. Wanafunzi wangu huwa wanawachukia sana hao, mimi nawaambia angalieni tena, yule anayesema hivyo anaongea na nafsi yake, akikubali kwamba Bai Xuemei ana haki ya kutoka basi na yeye alikuwa nayo, na miaka yake yote mle ndani inabaki wizi mtupu. Mtoto ndo kufuli la mwisho. Mwanamke akishazaa, mtoro anageuka kuwa mama aliyetelekeza.

Na elimu je? Hapa mwandishi wa stori ni mkatili. Familia ya Bai Xuemei imekopa imsomeshe, anatafuta kazi haraka alipe hilo deni, elimu ndo imemtia mtegoni. Kijijini msomi mwingine ni Decheng, binamu, anasoma vitabu, anamhurumia, anamwahidi kumtoa, wanakuwa wapenzi, na siku wanapofumaniwa anaondoka kijijini, yeye peke yake. Sijui kama kuna mtu anayechekesha kwa uchungu kuliko huyo kwenye muvi nzima. Anayekuja kufanya kitu ni mtoto wa shule, Li Qingshan, aliyekuwa anafundishwa na Bai Xuemei, ndiye anayekwenda kuipeleka barua ikafika. Mtoto bado hajaingizwa kwenye madeni ya watu wazima.

Serikali sasa, maana umeuliza polisi wanazingirwaje. Watu wanadhani sheria haikuwepo. Ilikuwepo. Sheria ya jinai ya 1979 ilikataza kuuza watu, ila kununua hakukuwa na jina lake kama kosa. Mwaka 1991 bunge lao likatoa uamuzi maalum, kununua nako kukawa kosa, na sheria ya 1997 ikaviandika vyote, kifungu cha 240 muuzaji anaanzia miaka mitano hadi kumi na inaweza kufika adhabu ya kifo, kifungu cha 241 mnunuzi ni hadi miaka mitatu. Tena kukawa na mlango, kama mnunuzi hakumzuia mwanamke anayetaka kurudi kwao anaweza asishtakiwe kabisa. Mlango huo umebanwa 2015, sasa anapunguziwa tu adhabu. Mwanasheria mmoja maarufu wa kule aliwahi kulinganisha na kununua kasuku adimu anayelindwa, ambapo kosa la kawaida tu linafika miaka mitano. Ukitaka kuwa mkweli wapo wanaojibu kwamba mnunuzi akibaka au kufungia mtu anashtakiwa na hayo pia juu yake, na kwenye karatasi ni kweli, shida ni kwamba mtu akishaitwa mke wa fulani hayo mashtaka yanakuwa magumu sana kutoka mdomoni kwa askari.

Halafu kuna kifungu cha 242. Hiki nakipenda, kama mtu anaweza kupenda kifungu. Kinasema anayekusanya watu kuwazuia maofisa wa serikali wasiokoe mwanamke au mtoto aliyenunuliwa, kinara anafungwa hadi miaka mitano. Hebu fikiria bunge la nchi kubwa kama ile linakaa na kuandika kifungu kizima kwa ajili ya kijiji kinachozingira gari la polisi. Hawaandiki hivyo kwa jambo lililotokea mara moja. Kwa hiyo Li Yang hakukuza mambo, ile sehemu mliyoona haiwezekani ndiyo iliyo kwenye sheria.

Kwa nini basi askari wanashindwa? Kwa sababu aliyekuja kumtafuta binti ni mgeni, na polisi wa karibu wanaishi na wanunuzi. Kiongozi wa kijiji ni mtoto wa hapohapo, anatakiwa akusanye kodi (kodi ya kilimo imefutwa 2006 tu, wakati wa stori bado ipo), atimize malengo ya uzazi wa mpango, asilete vurugu. Ukimtoa mwanamke mmoja umejitengenezea ukoo mzima wa maadui, ukimwacha hakuna anayelalamika isipokuwa yeye. Hesabu ya ofisi ni hiyo. Haihitaji hata rushwa.

Kuna watu watakwambia hayo ni ya zamani na ya milimani. Januari 2022 video ilisambaa kutoka kaunti ya Feng, mji wa Xuzhou, jimbo la Jiangsu, mwanamke kafungwa mnyororo shingoni kwenye kibanda cha baridi, mama wa watoto wanane. Jiangsu ni kati ya majimbo tajiri kabisa China na Feng ni tambarare, hakuna mlima wa kusingizia. Taarifa ya kwanza ya kaunti ilisema ni ndoa halali ya 1998 na hakuna biashara ya watu. Wachina wakachachamaa mtandaoni, taarifa zikabadilika moja baada ya nyingine hadi ya tano, ya jimbo zima, ikakiri kwamba aliuzwa kutoka Yunnan, mbali kabisa kusini magharibi, maofisa 17 wakaadhibiwa, na Aprili 2023 yule mume akapewa miaka 9 kwa unyanyasaji na kumfungia mtu kinyume cha sheria. Siyo kwa kubaka. Na kumbuka kilikuwepo cheti cha ndoa, ofisi ya serikali ilikigonga muhuri. Siku zile watu wengi kule waliirudia hii muvi ya 2007 wakaiangalia upya.

Nisije nikakudanganya kwa upande mwingine lakini. Vijiji vingi vya China havinunui watu, umaskini umepungua sana, barabara na simu vimefika, na mwanamke aliyetekwa leo ana nafasi kubwa zaidi ya kupiga picha au kutuma ujumbe kuliko wa 1992 aliyemtegemea mtu wa posta. Ukiitumia muvi hii kusema "Wachina ndivyo walivyo" utakuwa umefanya kosa lilelile la abiria wa basi, kuamua mapema halafu kugeukia dirishani. Na kama muvi nimeipenda haina maana haina kasoro, wanaume wengi mle ni wazito wa akili kupita kiasi, Degui mwenyewe tungempata mwenye sura mbili tatu ingetisha zaidi.

Miisho. Yote ni ya kweli kwa maana yote kaitengeneza mwenyewe. Iliyoonyeshwa China, polisi wanafika na wanamtoa. Ya nje, hiyo mliyoona nyie, baba yake kaja na polisi wachache, kijiji kimewazingira, kumtoa kumeshindikana, Degui anampiga mzee, na Bai Xuemei anachukua kisu cha jikoni anamkata. Giza. Majina yanapita. Umesema huuelewi, mimi nadhani umeuelewa ila unataka kujua kitatokea nini kesho yake, na Li Yang kakunyima makusudi. Mtu aliyeandika barua zote zile, aliyekimbia mara zote zile, aliyejaribu kila njia ambayo raia mwema anaambiwa ajaribu, anaishia kufanya kitu pekee ambacho polisi watakuja kwa haraka wakiwa wengi. Atashtakiwa. Sasa ndo ataitwa mhalifu, ndani ya muvi ya uhalifu ambayo ilikuwa haina hata mtuhumiwa mmoja aliyefungwa pingu.

Ule mwisho wa nyumbani watu wanaudharau kwamba ni wa kuwafurahisha wakubwa. Mimi sina hakika. Jaribu siku moja kuutafuta, ukae nao, polisi wamekuja, gari linaondoka, mama yake mtoto yumo ndani, halafu jiulize yule mtoto wa kiume aliyezaliwa mle ndani anabaki kwa nani, na wale wanawake wengine waliosimama pembeni wanalitazama gari wanarudi kupika chakula cha nani.

Ukirudia kuiangalia, mwache mdogo wako apumzike, iangalie peke yako na uifuatilie barua. Acha sura ya Bai Xuemei, kila barua ikitoka mkononi mwake ifuate tu inapita kwa nani. Na hiyo safari ya TaESA nendeni Jumatatu, msingoje mwisho wa mwezi.